Mama mkwe anasema binadamu hakamuliwi kama ng'ombe

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa tisa usiku, mtoto amelala kifuani na usingizi umenikataa. Naishi Tukuyu kwa wakwe zangu, kwa sababu mume wangu anafanya kazi za zamu kwenye kiwanda cha chai na tulikubaliana nisikae peke yangu mpaka mtoto apate nguvu. Mwanetu alizaliwa wiki ya 36 akiwa na kilo 2.3. Siku tisa za mwanzo tulikaa wodi ya watoto wachanga. Alikuwa mlegevu, analala titi likiwa mdomoni, basi manesi wakanifundisha kukamua. Wakamlisha kwa mpira wa puani, baadaye kwa kikombe. Nilijua tukifika nyumbani atanyonya tu. Hakunyonya. Nikimsogeza kwenye titi anajikunja na kulia mpaka anabadilika rangi, na chuchu zangu nazo ni fupi, zimeingia ndani. Nilijaribu wiki mbili, tukawa tunalia wote wawili. Leo ana wiki saba na siku mbili, na maziwa yote anayokunywa nayakamua kwa pampu ya mkono niliyonunuliwa Mbeya mjini, nampa kwa kikombe.

Mwanzoni yalikuwa mengi. Alipofikisha wiki nne nilikuwa napata mpaka mililita 560 kwa siku, naandika kwenye daftari. Wiki hii sijavuka 390. Nakamua saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Mama mkwe aliniambia usiku nisiamke, niyaache yajae ili asubuhi nipate ya kutosha. Kweli asubuhi napata mengi kidogo, lakini jumla ya siku inazidi kushuka. Nikadhani pampu haina nguvu, nikawa naibana kwa nguvu zangu zote. Sasa chuchu zimechubuka, moja inatoa damu.

Linaloniumiza zaidi si chuchu, Shangazi. Jumamosi nilikwenda sokoni nikaacha mililita 90 kwenye friji, nimeandika na saa juu ya chombo. Niliporudi nilimkuta mama mkwe anamnywesha mtoto maziwa ya ng'ombe wetu, ameyachanganya na maji. Ya kwangu alikuwa ameyamwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya jiko. Alisema yamelala, yamekufa, juu mafuta na chini maji matupu, atampaje mjukuu wake kitu kama kile. Nilipoanza kulia akaniambia, wala si kwa ukali, "Mwanangu, binadamu hakamuliwi kama ng'ombe. Mtoto wa mtu ananyonya." Kisha akasema wifi yangu, ambaye ana mtoto wa miezi mitano, amnyonyeshe na wa kwangu.

Na hilo friji lenyewe liko sebuleni, anapokaa baba mkwe tangu mchana mpaka taarifa ya habari ya usiku. Mila za huku unazijua, mkwe hapiti mbele ya baba mkwe. Siku nyingine nakaa chumbani nimeshika maziwa mkononi nikisubiri aende kulala.

Mume wangu ananihurumia. Anasema niache kujitesa, tununue maziwa ya kopo. Baada ya wiki tano narudi kazini, nashika hesabu kwenye duka la pembejeo, na sijui nitakamulia wapi. Kliniki wiki iliyopita mtoto alikuwa na kilo 3.3. Nesi akafurahi, akaniuliza, "Ananyonya vizuri?" Nikajibu ndiyo. Niliona aibu kusema kweli.

Hivi mimi nanyonyesha au sinyonyeshi? Na haya maziwa yatarudi, au ndiyo yanakauka?

Asante sana, ndaga fijo, Shangazi.

Mama Kifungua Mimba, Tukuyu


Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole kwa hizo mililita 90. Mtu ambaye hajawahi kukaa nusu saa akihesabu matone hawezi kujua uchungu wa kuyakuta kwenye shina la mgomba.

Unanyonyesha. Mtoto aliyetoka kilo 2.3 akafika 3.3, kwa maziwa yaliyotoka mwilini mwako, amenyonyeshwa. Nesi akikuuliza tena mwambie wazi, "Nakamua, anakunywa kwa kikombe." Ukimjibu "ndiyo" anageukia mama anayefuata, na wewe unaondoka na chuchu inayovuja damu ambayo angeiangalia palepale.

Maziwa yako hayajakauka pia. Yamepungua, na kilichoyapunguza nakiona kwenye zile saa ulizoniandikia.

Mama mkwe wako amesema neno moja ambalo mimi silitupi. Amemtaja ng'ombe. Rungwe, wilaya yetu, ni nchi ya maziwa, na mama wa umri wake amekamua miaka mingi kuliko uliyoishi wewe. Siku mkiwa mmekaa vizuri, labda mnamenya ndizi, muulize kwa heshima: "Mama, ng'ombe mwenye mimba akikaribia kuzaa huwa unamkausha vipi?" Atakueleza kwamba miezi kama miwili kabla ya kuzaa anapunguza kumkamua. Mara mbili kwa siku inakuwa mara moja, halafu anaacha kabisa, na maziwa yanakatika. Muulize tena ng'ombe aliyekamuliwa nusu, maziwa mengine yakabaki kwenye kiwele, kesho yake anatoa kiasi gani. Atakujibu bila kufikiri kwamba yanapungua, na kiwele kinaweza kuugua. Basi mwambie polepole kwamba nesi, au mimi, amesema titi la mwanamke linafuata utaratibu huohuo. Ukilikausha usiku, unalikausha.

Tuna mazoea ya kuliona titi kama ndoo iliyotegwa bombani: iache ijae, ndipo uje uchukue. Haliko hivyo. Maziwa yanatengenezwa muda wote, na titi tupu linatengeneza haraka kuliko titi lililojaa. Likishajaa, maziwa yaliyobaki ndani ndiyo yanayotoa taarifa kwamba mtoto ameshiba, kazi ipungue. Wewe kila usiku, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ulikuwa unautangazia mwili kwa saa 8 kwamba mtoto ameshiba. Tena ni usiku ambapo prolaktini, ile homoni ya kutengeneza maziwa, huwa juu zaidi. Ile chupa nzito ya asubuhi imekudanganya. Inapendeza macho, lakini daftari lako linasema kweli.

Kosa hili nalijua kwa sababu niliwahi kulifanya. Nilipokuwa mkunga kijana, mama mmoja aliyejifungua njiti alikuwa amechoka mno, nikamhurumia nikamwambia alale, tutakamua asubuhi. Nilimwambia hivyo usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu. Siku ya nne tulikuwa tunatafuta matone. Ilituchukua zaidi ya wiki kuyarudisha, na yule mama alijilaumu mwenyewe wakati ushauri ulikuwa wangu. Kwa hiyo mama mkwe wako usimhesabu adui. Alikuhurumia, kama nilivyohurumia mimi.

Sasa kazi yenyewe. Nataka ukamue mara 8 kwa siku, usiku na mchana, na kwa sasa usiache zaidi ya saa 5 zipite. Kwa mfano saa 11 alfajiri, saa 2 asubuhi, saa 4 na nusu, saa 7 mchana, saa 10 jioni, saa 1 usiku, saa 4 usiku na saa 8 usiku. Saa zikiyumba usihangaike, angalia idadi. Mara 8 zilizokaa ovyo ni bora kuliko mara 5 zilizopangika. Kila titi lipe dakika 10 hadi 15, badilisha, kisha rudi la kwanza kidogo. Matone yakikoma kwenye pampu, malizia kwa mkono dakika mbili au tatu. Hayo ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi, na ndiyo yanayolimaliza titi.

Mkono wenyewe utumie hivi. Kidole gumba juu, vidole vingine chini, sentimita 3 au 4 nyuma ya chuchu, mkono umekaa kama herufi C. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo ubane, ndipo uachie. Usivute ngozi kuja mbele, na usiiguse chuchu. Zungusha vidole ili upite kila upande wa titi. Lile titi linalotoa damu nalitaka lipumzike na pampu siku mbili, ulikamue kwa mkono peke yake. Damu kidogo ndani ya maziwa haimdhuru mtoto, usiyamwage.

Halafu acha kuibana pampu kwa hasira. Maumivu yanazuia maziwa kushuka, kwa sababu oksitosini, homoni inayoyasukuma nje, haipatani na maumivu wala hofu. Angalia pia faneli ya pampu: chuchu iingie na kutoka bila kusuguana na kuta zake, na sehemu nyeusi ya titi isivutwe ndani yote. Pampu nyingi zinauzwa na faneli ya saizi moja, na wanawake hatuna saizi moja. Kama haikukai, mkono wako utakufaa zaidi mpaka upate nyingine. Juni ya Tukuyu nayo inaganda mtu, basi kabla ya kukamua chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kamua maji, weka juu ya titi dakika chache, jifunike kitenge. Mshike mtoto au weka nguo yake karibu na pua yako. Nimeona maziwa yakishuka kwa harufu ya kofia ya mtoto.

Usitarajie tofauti kesho. Mwili unachukua siku kadhaa kuamini, wakati mwingine wiki. Andika jumla ya siku kwenye daftari lako, ya kila chupa moja moja achana nayo.

Wakati huo mtoto asishinde njaa, na hapa lazima nikuambie ukweli. Kwa uzito wake anahitaji takriban mililita 500 kwa siku, wengine hupita hapo. Wewe una 390. Pengo hilo haliwezi kusubiri ratiba mpya ifanye kazi. Wiki hii, usingoje tarehe ya kadi, mpeleke akapimwe uzito na useme yote. Wakiona uzito umesimama watakushauri maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa kipimo, ya kuongezea tu, na yakishauriwa uyakubali bila kujiona umeshindwa. Yachanganywe kama kopo linavyoelekeza, vijiko visipunguzwe ili lidumu. Sharti langu ni moja: kila anapokunywa la kopo, wewe ukamue. Usipofanya hivyo kopo linachukua nafasi ya titi, na mume wako atakuwa ameamua jambo ambalo hamkukaa mkalizungumza. Nyumbani angalia nepi: sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24. Zikipungua, au analala mpaka haamki kula, au utosi umebonyea, au ana homa, usingoje asubuhi.

Maziwa ya ng'ombe hapana, mpaka afikishe mwaka mmoja. Yana protini na chumvi nyingi kuliko figo changa zinavyoweza kubeba, madini ya chuma ni kidogo, na yanaweza kuujeruhi utumbo ukavuja damu kidogokidogo usiyoiona. Ukiyaongeza maji, unapunguza hata ile nguvu iliyokuwamo. Yakiwa hayakuchemshwa ndiyo mbaya zaidi, maana yanaweza kubeba kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao huambukiza na watu.

Na yale "yaliyokufa"? Mwonyeshe. Chukua yako yaliyokaa friji na ya ng'ombe yaliyolala, weka kwenye glasi mbili mezani. Zote mbili zitakuwa zimepandisha mafuta juu. Ya ng'ombe hakuna anayeyamwaga. Watu wanakoleza chai. Ya kwako yazungushe taratibu, yatachanganyika mbele ya macho yake. Kisha yapashe kwa kuweka chombo kwenye bakuli la maji ya moto, kamwe si juu ya moto, udondoshee matone kwenye kifundo cha mkono wake. Halafu umpe kikombe amlishe mjukuu wake. Nadhani hili ndilo limemkaa moyoni kuliko mafuta na maji: tangu mtoto aje nyumbani, chakula chake kimekuwa siri ya chumbani kwako. Mfundishe alivyokufundisha nesi. Mtoto akae wima, ukingo wa kikombe ukae kwenye mdomo wa chini, maziwa yasimiminwe, aachwe ayarambe mwenyewe. Bibi aliyemwona mjukuu akiramba hamwagi tena.

Suala la friji na baba mkwe halihitaji uvunje mila, na mimi sitakuambia uivunje. Kwa sasa friji hulihitaji sana. Maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi yanakaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na chumba cha Tukuyu mwezi huu hakifiki huko. Uliyokamua saa 8 usiku anakunywa saa 11 alfajiri. Ya saa 11 anakunywa saa 2. Weka chombo chenye mfuniko ndani ya beseni la maji baridi, funika na kitambaa safi, mbali na jiko. Yanayozidi ndiyo yaende friji, na mchukuzi awe wifi yako au mume wako. Humo yanakaa mpaka siku 4, yakiwekwa nyuma kabisa, mlangoni hapana, na umeme usiwe umekatika muda mrefu. Yaliyobaki kwenye kikombe baada ya mtoto kunywa yasikae zaidi ya muda wa saa 2. Vyombo vioshwe kwa sabuni na kuchemshwa. Huku kwetu milimani maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, basi yaache yatokote dakika 10.

Kuhusu wifi yako kumnyonyesha, kataa kwa upole. Sijui hali yake wala yako, na wala siulizi. Lakini utafiti wa taifa wa 2022–2023 ulikuta Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na VVU, Iringa 11.1, na Mbeya yetu ikafuata. Virusi hupita kwenye maziwa, na mtu anaweza kuambukizwa katikati ya kunyonyesha baada ya kipimo cha VVU cha wakati wa ujauzito kuwa safi. Sema kliniki wamekataza, itoshe. Wifi apewe kazi nyingine ya upendo, kama kuosha pampu.

Mtoto kurudi kwenye titi bado kunawezekana. Wiki saba si kuchelewa. Ila usimpiganishe tena. Mkae ngozi kwa ngozi, yeye na nepi tu, wewe kifua wazi, mmefunikwa blanketi, mara nyingi kadiri uwezavyo. Akiwa nusu usingizini mwache atafute mwenyewe. Ukikamua dakika moja kwanza, chuchu inajitokeza na tone liko tayari. Mwombe nesi atazame ulimi na kaakaa lake. Akishika, tumshukuru Mungu. Asiposhika, atakunywa maziwa yako kwa kikombe mpaka miezi 6 bila kitu kingine, kisha pamoja na uji na vyakula vingine mpaka miaka 2 mkiweza. Na ukiweza miezi minne tu, ni miezi minne ya maziwa ya mama.

Kwa mume wako nina neno. Baba, huruma yako naiona, lakini huruma ya kununua kopo ni nyepesi kuliko ya kuamka. Usiku usio wa zamu, kikombe cha saa 8 ni chako: mke anakamua, wewe unamlisha mtoto, vyote vinaisha kwa nusu saa na yeye anarudi kulala. Usiku wa zamu, vyombo viwe vimechemshwa na chupa ya maji ya moto iko kando ya kitanda kabla hujatoka.

Kazini anza kuzungumza sasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na ukirudi, mama anayenyonyesha anaruhusiwa mpaka saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Mweleze bosi wako kwamba wewe unanyonyesha kwa kukamua na saa hizo utazigawa mara tatu: saa 4 na nusu, saa 7 na saa 10. Huhitaji chumba maalumu. Kona ya stoo yenye pazia, kiti na mlango unaofungwa inatosha, ila iwe mbali na viuatilifu na mbolea. Hilo lisisitize, kwa kuwa ni duka la pembejeo. Beba kiboksi chenye barafu.

Jambo moja la haraka. Ukienda kliniki waambie unakamua kabla hujachagua uzazi wa mpango. Vidonge vyenye estrojeni, ile homoni ya kike, vinaweza kupunguza maziwa, na ile kinga ya mimba inayotokana na kunyonyesha haiaminiki sana kwa anayekamua. Dawa za kuongeza maziwa usinunue kwa kuambiwa na jirani. Kula ndizi zako, maharage, parachichi, kunywa kwa kiu yako. Togwa sawa, ikiwa ya leo. Iliyolala siku tatu ni pombe. Titi likiwa jekundu, gumu, na homa juu, nenda hospitali na uendelee kukamua. Na hicho kilio: kikiendelea zaidi ya wiki mbili, au ukiona mambo yote hayana ladha, mwambie nesi kwa maneno hayohayo. Kuna msaada wake.

Niandikie baada ya siku kumi. Nataka idadi ya kukamua, jumla ya mililita na uzito wa kliniki, na uniambie mama mkwe alijibu nini ulipomuuliza habari za ng'ombe. Usiku wa leo tega simu saa 7 na dakika 50, upate muda wa kupasha kitambaa.

Shangazi